Kompyuta zimo kabatini, na maalim aliyenisomesha haniangalii tena

BARUA

Assalamu alaykum mshauri,

Mimi ni mwalimu mkuu wa skuli ya msingi katika Mkoa wa Kaskazini Pemba. Tuna wanafunzi 1,140 na walimu 33, tunaingia mikondo miwili, asubuhi na mchana. Jina langu na la skuli naomba msiyataje, kisiwa chetu kidogo na watu tunajuana.

Mwaka jana tuliletewa kompyuta mpakato 24, projekta mbili na sanduku zima la waya. Ikafanywa semina ya siku mbili. Mwezeshaji alizungumza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akaanza kuwaita walimu mbele mmoja mmoja: fungua faili, andika jina lako, hifadhi. Ilipofika zamu ya Maalim, nitamwita hivyo tu, aliinama karibu na kioo, akabonyeza, faili halikufunguka. Akabonyeza tena. Vijana wawili waliokaa nyuma wakacheka. Mwezeshaji akaishika mausi juu ya mkono wake, akafungua yeye, akasema, "Haya, mwengine."

Maalim amebakisha miaka mitatu kustaafu. Ndiye aliyenisomesha hesabu mimi nilipokuwa darasa la sita. Mpaka leo akisomesha sehemu, mtoto aliyeshindwa kwengine kote anafahamu. Akisahihisha hulipeleka daftari mbali na uso, akatabasamu, ukajua huyu kapata. Na si mtu wa kuogopa simu: kila alfajiri huturushia dua kwa sauti yake katika grupu la WhatsApp la walimu.

Baada ya semina, muhula mzima hakuna aliyegusa kompyuta isipokuwa kijana mmoja, mwalimu wa kujitolea. Nikatoa amri: kila mwalimu vipindi viwili kwa wiki, na asaini daftari. Daftari limejaa saini. Wiki mbili zilizopita nikafungua kabati mwenyewe. Vumbi juu ya vifuniko, harufu ya ukungu, na mashine tisa haziwaki kabisa. Kumbe wanasaini tu. Kiliniuma hicho kuliko wangelikataa mbele yangu.

Yule kijana ndiye anayepiga chapa mitihani ya wote, anayechapisha, anayeingiza takwimu za skuli. Na nisikufiche, ripoti zangu mimi pia ananiandikia yeye. Tukizichaji kompyuta zote pamoja, umeme wa ofisi unakatika.

Mwezi uliopita nilisimama chumba cha walimu, nikawataja wanne kwa majina, Maalim akiwemo, nikasema asiyetumia nitamwandikia. Maalim akajibu taratibu, "Sawa, Mwalimu Mkuu." Miaka yote hii akiniita mwanangu. Tokea siku ile akinipita huangalia chini, na nasikia anaulizia uhamisho. Barua nne za onyo zimeshachapwa, zimo katika mtoto wa meza yangu.

Mwisho wa mwezi anakuja ofisa wa wilaya kuangalia matumizi ya vifaa. Na kamati ya skuli ina shilingi 1,800,000 walizotuma wanafunzi wetu wa zamani walioko nje, wanataka ziongezwe kompyuta. Nizitoe barua? Niwaache wazee wastaafu kwa amani nishughulike na vijana? Au kosa ni langu? Usiku silali.

Mwalimu Mkuu, Kaskazini Pemba

JIBU

Waalaykumu salaam Mwalimu,

Umeleta mambo matatu katika barua moja: vifaa visivyotumika, saini zisizo za kweli, na mzee aliyekusomesha ambaye neno "mwanangu" halimtoki tena mdomoni. Umeuliza zaidi juu ya lile la kwanza. Usingizi, nadhani, unaondolewa na la tatu. Hata hivyo naomba tuanze na vifaa, kwa sababu humo ndimo lilimozaliwa hilo jengine.

Umewasoma walimu wako kuwa hawataki. Huenda wapo wasiotaka. Lakini kabla ya kulishika neno hilo, mfuate kwa mawazo mwalimu mmoja, kipindi kimoja cha dakika 40. Ufunguo wa kabati uko kwa nani, na yupo mkondo huu au ule? Akiupata, abebe projekta, kompyuta na ekstensheni. Afike darasani atafute soketi. Awashe, asubiri. Waya wa projekta ni wa tundu la zamani la VGA na kompyuta ina tundu jipya la HDMI peke yake, arudi ofisini. Picha ikitoka, jua la saa nne limeingia kwa matundu ya ukuta na watoto wa nyuma wanaona weupe tu. Dakika 15 zimekwenda, watoto sitini wanazungumza, na ikiwa umeme utakatika hapo hana pa kushika. Mwalimu aliyeizoea chaki, ambaye kwa dakika hizo 15 angelikuwa ameshasomesha nusu ya somo, akiamua kuacha, huyo kapiga hesabu na hesabu yake ni sahihi. Uvivu unaweza kuwemo, lakini kwa njia hii huwezi kuuona, kwa sababu mvivu na mwenye bidii wote wanafika mahali pamoja.

Kwa hiyo la kujiuliza mwanzo ni hili: dakika ngapi kutoka kabatini mpaka somo kuanza? Zipime kwa saa, wewe mwenyewe. Zikizidi tano, amri haitosaidia.

Kuzipunguza kuna njia mbili, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni chumba kimoja kisichohama: projekta imefungwa pahala pake, waya umepita ukutani, ukuta wa kuonyeshea ni ule ulio kwenye kiza zaidi (mara nyingi si ule wenye ubao), na madirisha mawili ya karibu yana pazia la kaki nzito. Madarasa ndiyo yanayohamia. Ubaya wake ni kuwa kwa mikondo miwili chumba kitagombaniwa, na unahitaji mlango wa kweli na kufuli. Ya pili ni sanduku la darasa: projekta, kompyuta moja iliyojaribiwa nayo, waya wake uliokwishakubali, ekstensheni ya mita tano, na karatasi ngumu yenye hatua sita kwa maandishi makubwa. Hakuna kinachotoka sandukuni kwenda kwengine. Ubaya wa hili ni mtu mmoja kuazima ule waya "dakika moja tu". Sanduku likikosa kitu kimoja, limekufa lote.

Hapo zile shilingi 1,800,000 zinabadilika sura. Kamati inataka kompyuta, na ni kawaida, mashine inaonekana na inapigwa picha. Lakini skuli yenye kompyuta 24, tisa haziwaki na zilizobaki zina vumbi, haikosi kompyuta. Waonyeshe wanakamati hesabu hii. Projekta hula kama wati 250, na kompyuta iliyounganishwa nayo kama 40. Betri ya sola ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya madini ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, na inveta nayo inakula kidogo, unabaki na kama 500. Hapo projekta inafanya kazi chini ya saa mbili. Televisheni ya LED ya inchi 43 hula kama wati 80, hivyo betri ileile inaichukua pamoja na kompyuta kwa saa nne, nayo inaonekana mchana kweupe bila pazia. Kwa darasa la watoto sitini, inchi 43 ni ndogo kwa maandishi. Kwa picha, ramani au mchoro mmoja mkubwa inatosha, na maandishi yakiandikwa kwa ukubwa wa 40 watoto wa nyuma watayasoma. Pemba inapata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na mwalimu anayepanga somo lake juu ya umeme usio na akiba anajua anachocheza nacho. Sisemi mnunue betri. Nasema wanakamati waamue wakiwa na hesabu mbele yao.

Umeme wa ofisi unakatika kwa sababu inayohesabika. Chaja moja ni wati 65. 24 zikiwa tupu kwa pamoja ni 1,560. Birika la umeme ni 2,000. Mashine ya fotokopi ikipata moto ni 1,300 na zaidi. Jumla inakaribia 4,900, yaani amp 21 kwa volti 230, na plagi ya ekstensheni imewekewa amp 13. Chajini nane nane, wati 520 tu, mchana kukiwa na mtu chumbani, na birika lihamie soketi nyengine. Umeme ukikatika chomoeni, ukirudi subirini dakika tano, kwa sababu mpigo wa kurudi ndio unaounguza chaja.

Zile tisa usiziandike kuwa zimekufa bado. Betri ya lithiamu ikiachwa tupu miezi inalala na kukataa kuamka. Ipe kila moja chaja yake hasa, kwani chaja za volti 19 zinafanana na vichwa vinahitilafiana kidogo. Ikae kwenye umeme saa nzima. Isipowaka, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, chomeka tena. Ambayo betri yake inatoka, itoe, uiwashe kwa umeme mtupu. Baadhi zitaamka. Ikija likizo, zifungwe zikiwa na nusu ya chaji, si tupu wala zimejaa pomoni. Kabati liondoke kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya masika, liinuliwe juu ya matofali. Dawa kubwa ya ukungu na chumvi ya hewa yetu ni kuziwasha: mashine inayofanya kazi inapata joto na kujikausha yenyewe.

Sasa walimu wenyewe. Umesema "wazee" na "vijana" kama kwamba ni makundi mawili ya wasioweza na wanaoweza. Lakini daftari lako lina saini za wote. Vijana waliocheka nyuma nao hawajafungua kabati. Na yule unayemhesabu kuwa ameshindwa anarekodi sauti yake kila alfajiri, anaisikiliza, akikosea anaifuta, anairekodi upya na kuituma kwa watu 33. Hizo ni kazi nne za kidijitali, na hakuna aliyemwita mbele kuzifanya.

Tena kuna jambo dogo ulilolitaja bila kulitilia uzito. Daftari hulipeleka mbali na uso. Na semina ile aliinama karibu na kioo. Baada ya umri wa miaka 45 hivi jicho la karibu la mwanadamu hulegea, karibu kwa kila mtu, na mishale na vialama vya kompyuta ni vidogo kuliko herufi za daftari. Inawezekana siku ile Maalim hakuona alichokuwa akikibonyeza. Kubonyeza mara mbili nako kunataka kasi, na mkono wa mtu mzima ukichelewa robo sekunde tu, kompyuta inahesabu mibonyezo miwili mbalimbali na faili halifunguki. Yote mawili yanarekebishika kwa dakika tatu: shika Ctrl huku ukizungusha gurudumu la mausi maandishi yakue, ingia katika mipangilio uikuze alama ya mausi, na upunguze kasi ya kubonyeza mara mbili. Au mfundishe mtu abonyeze mara moja kisha apige Enter. Miwani ya kusomea nayo ni jambo la kuulizia kwa heshima. Huenda sivyo ilivyo kwake. Lakini tukiwa hatujaliangalia hilo, tunamwandikia onyo mtu kwa jicho lake.

Semina yenyewe ilikosea mahali pawili. Ilitaka kila kitu kwa siku mbili. Mfumo wa UNESCO wa stadi za TEHAMA kwa walimu, toleo la 2018, umeorodhesha stadi 18 katika ngazi tatu, na ngazi ya mwanzo ni mwalimu kutumia kifaa katika kazi anayoifanya tayari. Kosa la pili ni zito zaidi: ilimlazimisha mtu mzima kukosea mbele za watu. Mwalimu heshima yake darasani imesimama juu ya kujua. Mwite mbele afanye asichokijua, mbele ya watu wa umri wa wanawe, na hatokuja tena, hata kwa kulipwa.

Ukitaka kujaribu njia nyengine, chagua kazi moja kwa muhula mzima, inayompunguzia mwalimu mzigo wake mwenyewe kabla haijafika kwa mtoto. Kwa skuli ya msingi mimi ningeanza na alama za mitihani. Chukua darasa la watoto 62 na masomo 9. Kwa mkono, wastani na nafasi ni usiku mbili tatu na taa. Katika Excel, majina yakae safu ya B, alama kuanzia C mpaka K, mtoto wa kwanza mstari wa 3. Katika L3 andika =AVERAGE(C3:K3). Katika M3 andika =RANK(L3,L$3:L$64). Zishike zote mbili, ziburure mpaka mstari wa 64.

Hapa ndipo panapokwama, na mwezeshaji asipolisema mwalimu anaacha. Bila zile alama za dola, fomula ikiburuzwa chini inashuka na orodha yake, mpaka mtoto wa mstari wa 64 anashindanishwa na nafsi yake peke yake, anatoka wa kwanza. Mwalimu akiona mtoto wa mwisho kawa wa kwanza anasema mashine ni ya uongo. Pili, mtoto asiyefanya mtihani wa somo moja: ukiacha tupu, au ukiandika "hakuwepo", Excel inagawa kwa manane na wastani wake unaweza kupanda juu ya waliofanya yote, ukiandika 0 unashuka. Upi uwe ndio? Hilo si suala la kompyuta, ni la walimu kukaa na kukubaliana, na mwenye miaka thelathini na kitu ya kusahihisha ana la kusema kuliko kijana anayejua fomula. Tatu, wawili wakilingana wa tatu, anayefuata anakuwa wa tano. Hiyo ni sawa, ila mwambieni mzazi mapema. Na jaduali likikamilika lisizunguke kwenye magrupu ya WhatsApp na majina ya watoto.

Muda ni shida ya kweli kwa mikondo miwili, kwa sababu saa wanayokutana walimu wote ni saa ya adhuhuri. Usiitafute saa ya wote. Fanya vikundi vya watu wanne wanne, wa mkondo mmoja: wa asubuhi wabaki dakika 45 siku moja kwa wiki, wa mchana watangulie dakika 45. Ijumaa iache, na msimu wa karafuu ukipamba moto punguza. Dakika hizo zitoke kwenye kitu: futa kikao kimoja au kipindi cha zamu. Ukiziongeza juu ya siku yao bila kuondoa chochote, utapata saini tena.

Kijana wako katika vikundi hivyo awe na sharti moja, mikono mgongoni. Aseme, aonyeshe kwa kidole, asiguse mausi. Kila anapomshikia mtu anamfanyia yale yaliyofanywa siku ya semina, hata akiwa na adabu. Na hatua ziandikwe na aliyejifunza, kwa maneno yake, si na kijana. Mwalimu, huyu kijana ni neema na ni hatari. Hana ajira, akiipata kesho Unguja au Dar es Salaam, anaondoka na nywila zote, mitihani yote na takwimu zote kichwani. Nywila ziandikwe, zitiwe bahasha, zifungwe katika sefu. Mitihani kupigwa chapa na mtu mmoja kwa skuli nzima ni mzigo kwake na ni mlango wa kuvuja pia. Ukimwondolea kazi hiyo ghafla, mitihani itakwama. Labda aanze kila mwalimu kuchapa ukurasa wa kwanza mwenyewe, muhula ujao mtihani mzima. Watakuwa wazito mwanzo, kurasa mbili zitachukua jioni nzima. Simu zenye kibodi ya Google zinaandika Kiswahili kwa kusikiliza sauti, bando likiwepo, na Maalim sauti anayo.

Kituo cha Walimu nacho usikisahau, Mitiulaya au Wingwi, kwa ulipo. Lakini ukiomba mtu, usiombe semina ya jumla. Omba mtu wa hesabu aje akae na walimu wa hesabu.

Limebaki ulilolisema kwa sentensi moja na kuliruka: ripoti zako anakuandikia kijana. Walimu wanajua. Ofisi moja, milango inasikika. Mwenye amri ya vipindi viwili kwa wiki hajavifanya yeye, na Maalim aliposema "Mwalimu Mkuu" inawezekana hilo lilikuwemo katika aliyoyameza. Kuna walimu wakuu wanaohofu kwamba wakikaa kikundini kama wanafunzi cheo kitapungua, na hofu hiyo ina msingi: yupo atakayelitumia. Kwa upande mwengine, ukikaa wewe, ukaburuta fomula bila dola, mtoto wa mwisho akawa wa kwanza mbele ya watu wanne, umewaruhusu watatu waliobaki wakosee. Wewe ndiye unayewajua watu wako, pima.

Kuhusu daftari na ofisa wa wilaya. Saini zile unaweza kumwonyesha na akaondoka ameridhika, na wewe ukajua. Unaweza pia kumwambia ukweli, kwamba daftari halikupima kitu, mashine tisa zilikuwa haziwaki, dakika za kuandaa zilikuwa hizo ulizozipima, na hivi ndivyo tulivyoanza wiki hii. Ripoti hiyo inaweza kukuletea swali gumu, na si kila ofisa atalipokea vizuri. Ila ukimpa saini, mwakani atataka saini zaidi. Daftari jipya, ukiamua kuwa nalo, liulize mambo mawili: kifaa kilikusaidia wapi, na kilikwama wapi. Kurasa za kukwama zikijaa ujue wanatumia.

Barua nne. Ukizitoa, unalinda amri yako, na wengine wataona kuwa maneno yako yana uzito; lakini wanne hao watasaini kwa uangalifu zaidi, Maalim atapata uhamisho wake, na darasa lake la sehemu litabaki na nani? Ukizichana kimya kimya, wanne wale wataendelea kuishi na tishio lililotamkwa mbele ya watu na halikufutwa mbele ya watu. Ukiziweka, utazilalia kila usiku kama sasa. Kuwaacha wazee wastaafu kwa amani ni huruma, lakini inawaambia kuwa umeshawahesabu nje, na miaka mitatu ni watoto wengi. Ninachokiona ni kwamba lililotamkwa hadharani lina deni hadharani, hata likiwa dogo: kwamba uliwataja kwa majina pasipofaa. Amri unaweza kubaki nayo au kuibadilisha. Hilo ni jambo jengine.

Kwa Maalim peke yake, deni hilo huenda lisilipike chumba cha walimu. Una njia ambayo mwalimu mkuu wa kuja hana, unaijua baraza yake. Ukienda baada ya alasiri, usiende na kompyuta, wala usianze na semina. Nenda na karatasi ya alama za darasa lake na lile suala la mtoto asiyefanya mtihani wa somo moja, ahesabiwe vipi, kwa sababu hilo kweli hujui na yeye anajua. Akilijibu, kaa. Kama atakuita kwa jina lako au kwa cheo chako, utamsikia kabla chai haijaletwa.